Nikitafuta Madhabahu: Kutoka Athens hadi Epidaurus

Jumatatu, Athens

Mwenyeji wangu ni mtu wa Tanga, baharia aliyeteremka Piraeus miaka ya themanini, meli ikaondoka bila yeye. Sasa ana wajukuu wanaozungumza Kigiriki. Kanipokea, kanilisha samaki wa kukaanga, kisha akanitahadharisha: "Mwalimu, kwenye yale mawe nitakufikisha, lakini mimi nakaa kivulini. Jua la huku halina adabu, hata mwezi huu wa tisa."

Nimekuja na jambo moja kichwani. Vitabu tulivyosomea huigawa Ugiriki ya kale mafungu matatu: sura ya miungu, sura ya wanafalsafa, sura ya tamthilia na sanamu. Nashuku kwamba mgawanyo huo ni wetu, si wao. Ili kuupima nimechagua njia rahisi: kila ninakofika nitauliza madhabahu ilikuwa wapi. Hekalu nitalitazama kama kila mtalii, lakini swali langu ni la madhabahu.

Tumepanda Acropolis, kilima cha mahekalu katikati ya mji, asubuhi, kabla makundi hayajajaa. Parthenon, hekalu la mungu wa kike Athena, ilijengwa kati ya 447 na 432 KK kwa marumaru ya mlima Pentelikon. Ndani alisimama Athena aliyetengenezwa na Pheidias kwa dhahabu na pembe za ndovu, urefu upatao mita 12. Baadaye jengo likawa kanisa, likawa msikiti, likawa ghala la baruti, na mwaka 1687 kombora la jeshi la Venice likalilipua. Mwanzoni mwa karne ya 19 Lord Elgin, balozi wa Uingereza, akang'oa sehemu kubwa ya nakshi zake na kuzipeleka London, ziliko hadi leo. Baharia ana maoni makali kuhusu jambo hilo, na lugha yake haiandikiki.

Sasa, madhabahu. Haikuwa ndani ya Parthenon. Hekalu la Kigiriki lilikuwa nyumba ya sanamu na hazina ya zawadi. Umati haukuingia humo kusali wala kusikiliza mahubiri. Ibada ilikuwa nje, chini ya anga. Madhabahu kuu ya Athena ilikuwa upande wa mashariki wa Erechtheion, hekalu jingine hapo juu, na leo kinachoonekana ni mwamba uliochongwachongwa tu, usio na kibao cha kumsimamisha mtu. Katika sikukuu ya Panathenaia ng'ombe walichinjwa hapo kwa wingi. Mifupa ya mapaja ilifungwa kwa mafuta ikachomwa, moshi ukawa fungu la miungu. Nyama wakagawiwa watu. Ukiondoa siku za namna hiyo, maskini wa Athens hakuona nyama ya ng'ombe mara kwa mara. Tena vazi jipya lililofumwa kwa ajili ya sikukuu halikuvikwa lile sanamu la dhahabu la Pheidias. Lilivikwa sanamu kuukuu la mti wa mzeituni, ambalo watu walisema lilianguka kutoka mbinguni. Mtalii anapigia picha nyumba ya sanamu la fahari. Mwathene alimheshimu zaidi yule bibi wa mti.

Aliyelelewa msikitini au kanisani atashangaa pia kwamba hapakuwa na kitabu kitakatifu, wala shahada, wala kanuni ya imani ya kukariri. Kwa kawaida hukuulizwa unaamini nini. Uliulizwa umetoa nini, na je, umekitoa inavyopasa?

Alasiri tumeingia Makumbusho ya Acropolis. Sanamu za wasichana wa marumaru, zilizochongwa karne ya 6 KK, bado zina mabaki ya rangi: nyekundu kwenye nywele, buluu na kijani kwenye pindo. Ule weupe tunaousifu ni kazi ya mvua na karne. Mbele yao nikamkumbuka Xenophanes, mshairi aliyeishi zama hizohizo. Aliimba kwamba Waithiopia husema miungu yao ni weusi wenye pua bapa, na Wathrakia husema yao ina macho ya buluu na nywele nyekundu. Na kwamba ng'ombe na farasi wangekuwa na mikono ya kuchora, wangechora miungu yenye miili ya ng'ombe na farasi. Huyu ni mwanafalsafa anayeisema dini, kwa ushairi, kwa kupitia sanamu. Siku ya kwanza haijaisha na mafungu yangu matatu tayari yamechanganyika.

Jumanne, Athens

Kwanza Areopago, mwamba mtupu chini ya Acropolis, unaoteleza kama sabuni kwa kusuguliwa na nyayo. Msomaji wa Biblia anaujua kwa Matendo ya Mitume sura ya 17. Paulo amezunguka mjini akitazama mambo ya ibada, ameona madhabahu iliyoandikwa KWA MUNGU ASIYEJULIKANA, na sasa anasema na Waepikureo na Wastoiko, wafuasi wa shule mbili za falsafa. Maneno yake yamewekwa mwambani kwa Kigiriki, kwenye bamba la shaba. Mistari michache mbele anawanukulia mshairi wao wenyewe: "Maana sisi sote tu wazao wake." Mstari huo ni wa Aratus, aliyetunga utenzi juu ya nyota, na aliyekuwa karibu na Wastoiko. Mtume kutoka Tarso alielewa mji ule vizuri: ameanzia kwenye madhabahu, akapitia kwa wanafalsafa, akamalizia kwa shairi.

Kisha Agora, uwanja wa soko, mahakama na siasa. Baharia leo hakukaa kivulini kwa sababu niliyokuwa nikiitafuta iko chini ya reli anayoipanda kila siku. Madhabahu ya Miungu Kumi na Wawili ilijengwa 522/1 KK, na ndiyo iliyokuwa kitovu cha barabara: umbali kutoka Athens ulipimwa kuanzia hapo. Mkimbizi aliyeishika alikuwa chini ya ulinzi wa miungu. Karne ya 19 reli ya Piraeus ikapita juu yake, na sasa kinachoonekana ni kona yake tu kando ya ukuta. Treni ya kijani ikapita tukiwa tumesimama. "Miaka yote hii," akasema Baharia, "nawapita juu ya vichwa wote kumi na wawili bila hodi."

Ng'ambo ya reli, chini ya mikahawa ya mtaa wa Adrianou, kuna magofu madogo ambayo wengi huyapita wakitafuna mkate wa ufuta. Ni Baraza la Mfalme, lililofukuliwa 1970. Aliyeitwa Mfalme hapo hakuwa mfalme. Alikuwa ofisa wa mwaka mmoja aliyesimamia mambo ya ibada, na kesi za kukosea miungu zilianzia kwake. Ndipo mwanafalsafa Sokrates alipofika mwaka 399 KK kuitikia mashtaka. Mbele ya baraza bado limelala jiwe kubwa ambalo maofisa walisimama juu yake kula kiapo.

Mashtaka yalikuwa matatu: hakubali miungu ambayo mji unaikubali, analeta mambo mapya ya kiungu, anaharibu vijana. Hapa inanibidi nijibishe maneno yangu ya jana. Watu hawakuulizwa imani, lakini huyu aliulizwa. Jibu ninaloliona ni kwamba vita na Sparta vilikuwa vimekwisha miaka mitano tu nyuma kwa kushindwa vibaya, watawala dhalimu thelathini walikuwa wameua raia wengi, na baadhi yao walijulikana kuwa waliwahi kukaa karibu na Sokrates. Mji uliojeruhiwa hutafuta ni nani aliyeiudhi miungu. Mashtaka ya dini yalibeba chuki za siasa, lakini dini haikuwa kisingizio kitupu. Moshi wa sadaka ndio uliofanya watu wale wawe mji mmoja, na mtu mwenye sauti ya kiungu ya peke yake, inayomnong'oneza yeye tu, aliwatisha kweli.

Katika makumbusho ya Agora, ndani ya Baraza la Attalos lililojengwa upya miaka ya 1950, nimeona vyombo vya mahakama: mitungi ya maji ya kupimia muda wa kuzungumza, vijidude vya shaba vya kupigia kura, na lile jiwe lenye matundu la kuteulia majaji kwa bahati nasibu. Ukiviona, kesi ile inaacha kuwa hadithi. Plato, mwanafunzi wake, anasema kura 30 tu zingehama, Sokrates angeachiwa.

Jumatano, Athens

Siku ya tamthilia, na ndiyo niliyoisubiri zaidi kwa kuwa ndiyo kazi yangu.

Ukumbi wa Dionysos, mungu wa divai na tamthilia, umekaa kwenye mteremko wa kusini wa Acropolis. Hapa zilichezwa kwa mara ya kwanza tamthilia za Aeschylus, Sophocles na Euripides. Darasani huwa tunachambua wahusika, dhamira, migogoro. Hapa nimekaa chini, nikaona kwanza kiti cha mstari wa mbele, katikati: cha marumaru, chenye nakshi, na maandishi yanayosema ni cha kuhani wa Dionysos. Mtazamaji mkuu alikuwa kuhani. Na mtazamaji mkuu kuliko yeye alikuwa mungu mwenyewe, maana sanamu lake lililetwa kwa maandamano kabla michezo haijaanza. Hekalu lake liko hatua chache nyuma ya jukwaa, na madhabahu pamoja nalo.

Sikukuu hiyo ilikuja mwanzo wa majira ya kuchipua, bahari ilipofunguka kwa safari na wageni wakaweza kufika. Washairi watatu walishindana, kila mmoja akileta tamthilia tatu za majonzi na moja ya vituko vya masatiri, viumbe nusu mtu nusu mnyama. Tajiri aliyeteuliwa alilipia kikundi cha waimbaji, mazoezi na mavazi. Huo ulikuwa wajibu wake kwa mji, na pia majivuno yake. Damu ya mtoto wa nguruwe ilitakasa ukumbi. Vijana ambao baba zao walifia vitani wakapitishwa mbele ya watu wamevaa silaha walizopewa na mji. Baada ya hayo yote ndipo mwigizaji, mwanamume aliyevaa barakoa hata akiigiza mwanamke, alipofungua kinywa.

Fikiria basi Antigone, shujaa wa tamthilia ya Sophocles, akisimama mahali hapa kusema kwamba sheria za miungu kuhusu maziko zinaipita amri ya mtawala, na wasikilizaji wakiwa wale wale wanaokaa mahakamani, wanaozika vijana wao kila mwaka. Hilo ni swali la falsafa, limeulizwa mbele ya mungu, kwa uimbaji na uchezaji. Nami nimelifundisha miaka nikilikata vipande.

Hapa pia, mwaka 423 KK, Aristophanes, mtunzi wa vichekesho, alimtundika Sokrates katika kikapu hewani, mzee wa mzaha anayefundisha kwamba Zeus hayupo. Watu walicheka. Miaka 24 baadaye, kwa maelezo ya Plato, Sokrates aliwaambia majaji wake kwamba washtaki wake wa zamani, wabaya kuliko hawa wa sasa, walikuwa uvumi wa namna hiyo uliokaa masikioni mwao tangu utotoni. Wanaodhani vichekesho havina deni waje wakae hapa dakika tano.

Juu kidogo ya viti, upande wa magharibi, kuna patakatifu pa Asklepios, mungu wa uponyaji, aliyeletwa Athens 420/19 KK, mji ukiwa bado unakumbuka tauni. Mapokeo yanasema Sophocles ndiye aliyemkaribisha nyumbani kwake, na baada ya kufa mshairi huyo alitolewa sadaka kama shujaa, kwa jina Dexion, Mpokeaji. Mwandishi wa tamthilia anampangisha mungu, kisha naye anapata madhabahu yake!

Jioni tumeshuka hadi mnara wa Lysikrates huko Plaka, kumbukumbu ya kikundi cha wavulana kilichoshinda shindano la uimbaji mwaka 335/4 KK. Tajiri aliyekilipia ameandika jina lake kwanza. Baharia akacheka: "Kama wafadhili wa timu."

Alhamisi, Eleusis

Barabara bado inaitwa Iera Odos, Njia Takatifu. Mahujaji waliitembea kwa miguu, kama kilomita 21, majira haya haya ya Septemba na Oktoba. Sisi tumepanda basi, tukipita gereji, maduka ya vigae na kiwanda cha mafuta. Mji wa leo, Elefsina, ni wa viwanda, na ghuba yake imejaa meli zilizotelekezwa, nyingine zimelala ubavu. Baharia hapa anapajua kuliko mimi: mojawapo ya meli alizofanyia kazi iliishia kutiwa nanga ghuba hii kusubiri kukatwa vyuma. Alinionyesha ilipokuwa. Kwa nusu saa hadithi ilikuwa yake.

Demeter, mama wa nafaka, alimtafuta binti yake Persephone aliyetekwa na mungu wa kuzimu, na katika huzuni yake akazuia mbegu kuota. Binti akarudishwa, lakini alikuwa amekula punje za komamanga huko chini, kwa hiyo kila mwaka hurudi kuzimu kwa muda. Hiyo ndiyo hadithi. Ibada yenyewe, Mafumbo ya Eleusis, ilikuwa siri, na siri hiyo ilitunzwa karibu miaka elfu moja. Tunajua pembezoni: kila anayeingia alioga baharini pamoja na mtoto wake wa nguruwe, alifunga, alikunywa kinywaji cha shayiri na mnanaa. Wanawake waliruhusiwa, watumwa waliruhusiwa. Waliokatazwa ni wauaji na wasioelewa Kigiriki. Darajani njiani walisimama watu waliojifunika nyuso, wakawatukana waheshimiwa waliopita, na hakuna aliyekasirika. Hilo halikuhitaji maelezo kwangu. Nimeona watani wakifanya vituko hivyo hivyo msibani kwetu, na huzuni ikapata pa kupumulia.

Ukumbi wa mafumbo, Telesterion, ulikuwa mraba wa mita 50 na kitu kila upande, wenye msitu wa nguzo na ngazi za kukalia pembeni zilizotosha watu kama 3,000. Ni kinyume cha Parthenon: hapa watu waliingia ndani. Ngazi zilizochongwa mwambani bado zipo, nami nimekaa. Waliokaa hapa walionyeshwa kitu gizani, kisha mwanga mkali. Cicero, Mrumi aliyepitia ibada hiyo, aliandika kwamba Athens haikuwahi kuzaa kitu bora zaidi: kilifundisha kuishi kwa furaha na kufa kwa matumaini mema. Plato anapotaka kueleza roho inavyouona uzuri wenyewe, anatumia lugha ya mafumbo haya: maandalizi, kutakaswa, kuona. Aeschylus alizaliwa mji huu, na kuna habari ya kale kwamba alishtakiwa kwa kutoa siri za hapa jukwaani.

Mwisho ulikuja kwa amri na kwa moto. Mfalme Theodosius wa Roma alipiga marufuku sadaka za kipagani mwaka 392, na miaka michache baadaye Wagothi wa Alaric wakapita hapa.

Ijumaa, Sounion

Basi la pwani, kama kilomita 70, bahari mkono wa kulia muda wote. Hekalu la Poseidon, mungu wa bahari, liko ukingoni mwa jabali, na mshairi Mwingereza Byron, au mtu mwingine kwa niaba yake, amekwaruza jina lake kwenye nguzo. Tabia mbaya haikuanza na simu za mkononi.

Sikuja kwa sababu ya nguzo. Nilitaka kuona mahali ilipoonekana ile meli. Kila mwaka Athens ilipeleka meli takatifu kisiwani Delos kumshukuru mungu Apollo kwa vijana kumi na wanne ambao shujaa Theseus aliwaokoa Krete. Tangu kuhani aliposokota shada kwenye tezi hadi meli iliporudi, mji ulipaswa kuwa safi na hakuna mtu aliyenyongwa. Shada liliwekwa siku moja kabla ya kesi ya Sokrates, kwa hiyo akakaa gerezani siku 30 akisubiri upepo. Rafiki yake Kriton alimjia alfajiri na habari kwamba waliotoka Sounion wameiacha meli huku.

Siku hizo za kusubiri alifanya jambo ambalo wachambuzi wengi hulipitia mbiombio. Alitunga. Alitunga utenzi wa kumsifu Apollo, mwenye sikukuu iliyokuwa imemwahirishia kifo, kisha akaanza kugeuza ngano za Aesop kuwa mashairi. Marafiki walishangaa, maana maisha yake yote hakuwa ametunga kitu. Akawaambia kwamba ndoto ilikuwa imemjia mara nyingi ikisema: Sokrates, fanya muziki, ushughulikie. Yeye alidhani falsafa ndiyo muziki mkuu kuliko wote na kwamba ndoto inamtia moyo tu. Sasa, akisubiri meli, aliona ni salama zaidi kutii kama ilivyosemwa, asije akaondoka na deni.

Mzee wa miaka 70, aliyehukumiwa kwa kutoheshimu miungu, anatumia siku zake za mwisho kumtungia mungu utenzi kwa sababu ya ndoto. Baharia alinisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo huyo bwana alisema kweli mahakamani," akasema, "wakamwua bure." Sina la kuongeza.

Jumamosi na Jumapili, Delphi

Nimekwenda peke yangu. Baharia ana zamu. Saa tatu kwa basi, mwisho ni kupanda mlima hadi Arachova, kisha bonde linafunguka kushoto na mizeituni inashuka hadi ghuba. Usiku baridi imenikuta na shati la Dar es Salaam.

Asubuhi ya Jumapili nimeingia lango lilipofunguliwa. Njia inapanda kwa kujikunja kati ya misingi ya hazina, vijumba ambavyo kila mji ulijenga kuonyesha zawadi zake kwa Apollo. Mbele ya hekalu, hatimaye, kuna madhabahu ambayo hakuna anayeweza kuikosa: ndefu, ya mawe meusi yanayoelekea kijivu, iliyotolewa na watu wa kisiwa cha Chios. Kwa zawadi hiyo walipewa haki ya kuuliza kabla ya wengine. Kwa foleni za hapa ilikuwa haki ya maana, maana Pythia, mwanamke aliyesema kwa niaba ya Apollo, kwa kawaida alipatikana siku moja ya mwezi, na miezi ya baridi hapakuwa na huduma. Kwanza mbuzi alimwagiwa maji baridi: akitetemeka, mungu yuko tayari. Asipotetemeka, rudi nyumbani.

Ukutani mwa hekalu yaliandikwa maneno mafupi, mashuhuri zaidi "Jitambue" na "Usipitilize". Siku hizi "jitambue" ni ya mabango ya semina za kujiendeleza. Hapa lilikuwa onyo mlangoni: kumbuka kwamba wewe ni mtu wa kufa, na unayemkaribia hafi. Sokrates alilichukua onyo hilo akaligeuza kazi ya maisha. Rafiki yake Chairephon alikuja kuuliza kama yuko mwenye hekima kuliko Sokrates, Pythia akajibu hakuna. Kuanzia hapo, kwa maelezo yake mwenyewe, alizunguka akiwahoji wanasiasa, washairi na mafundi ili aelewe mungu alimaanisha nini. Falsafa ya Athens, basi, kwa mdomo wa shujaa wake, ilianza kama juhudi ya kufasiri uaguzi. Karne kadhaa baadaye Plutarch, mwanafalsafa mfuasi wa Plato, alikuwa kuhani hapahapa.

Muziki nao ulitangulia. Mashindano ya kwanza ya Delphi hayakuwa ya mbio. Yalikuwa ya kumwimbia Apollo kwa kinubi. Riadha ziliongezwa baadaye, mwanzoni mwa karne ya 6 KK. Na katika makumbusho kuna vipande vya marumaru kutoka ukuta wa Hazina ya Waathene: nyimbo mbili za kumsifu Apollo, za mwaka 128 KK, na juu ya maneno zimechongwa alama za sauti. Ni miongoni mwa maandishi marefu zaidi ya muziki yaliyobaki kutoka Ugiriki ya kale. Nimekaa mbele yake muda mrefu kuliko mbele ya yule Mwendesha Gari, sanamu mashuhuri ya shaba, ambaye ni mzuri kweli, mwenye macho ya kupachikwa yanayokutazama, lakini amezungukwa na vijiti vya kupigia picha.

Kilichonishika zaidi kiko nje, chini ya hekalu, nacho hakimo katika kadi za posta. Ni ukuta wa mawe yaliyounganishwa bila mpangilio wa mraba, na uso wake wote umejaa maandishi madogo, mamia ya mikataba. Ni hati za kuacha huru watumwa. Mtumwa hakuwa na haki ya kununua kitu, hata nafsi yake. Basi "aliuzwa" kwa Apollo, kwa fedha ambazo mara nyingi alizikusanya mwenyewe, na mungu akawa mmiliki asiyedai kazi. Mkataba ukachongwa hapa ili asije mtu akamkamata tena. Lakini soma masharti: hati nyingi zinamtaka aliyeachiwa aendelee kumtumikia bwana wake hadi bwana afe.

Mtu wa pwani yetu hawezi kupita ukuta huu kwa haraka. Mkunazini, Zanzibar, soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na Waanglikana wakajenga kanisa lao kuu hapo, madhabahu ikawekwa panaposemekana palikuwa na mti wa kuchapia watumwa. Pale madhabahu ilikuja baada ya soko. Hapa Delphi soko lilifanyika mbele ya mungu, shahidi na mnunuzi akiwa yeye. Ndiyo dini iliyozaa uhuru wa mtu mmoja mmoja bila kuugusa utumwa wenyewe, na katika ukurasa wa kwanza wa kitabu chake cha siasa mwanafalsafa Aristotle ataandika kwa utulivu mkubwa kwamba wako watu ambao ni watumwa kwa maumbile. Wanaotaka kusifu hekima ya Wagiriki wasome ukuta huu pia.

Jumatatu tena, Athens

Nguo, usingizi, na alasiri kutembelea Lykeion, shule ya Aristotle, iliyofukuliwa 1996 katikati ya mji kando ya barabara yenye kelele. Misingi ya uwanja wa mieleka, bafu, mnanaa uliopandwa pembeni. Palikuwa patakatifu pa Apollo Lykeios kabla ya kuwa shule, kama vile Akademia ya Plato ilivyokuwa kichaka cha shujaa Hekademos, na Plato akaweka humo ibada ya Muse, miungu wa kike wa sanaa. Kwa hiyo vyuo viwili vikubwa vya falsafa vilikuwa na miungu wenyeji. Jengo la madhabahu sikuliona.

Jumanne, Epidaurus

Basi hadi Nafplio, jingine hadi patakatifu pa Asklepios. Misonobari, vyenje, harufu ya utomvu. Kila mtu anakimbilia ukumbi wa tamthilia, nami sikujizuia: safu 55 za viti, nafasi ya watu wasiopungua elfu kumi, duara la katikati lenye kipenyo cha mita 20 hivi. Kiongozi wa kundi la Wataliano aliangusha sarafu katikati ili walio juu waisikie. Mwanamke mmoja akaimba, mlinzi akapuliza filimbi kumkatiza, watu wakamzomea mlinzi.

Ukumbi huu ulijengwa hospitalini, na hospitali yenyewe ilikuwa hekalu. Mgonjwa alioga, akatoa sadaka kwenye madhabahu, akalala usiku katika jengo la kulalia, akingoja Asklepios aje ndotoni, wakati mwingine na nyoka wake. Muziki na tamthilia vilikuwa sehemu ya sikukuu za mungu huyo. Langoni, waandishi wa kale wanasema, paliandikwa kwamba anayeingia lazima awe safi, na kuwa safi ni kuwaza mambo matakatifu. Mganga, kuhani na mwanafalsafa walikuwa wamesimama mlango mmoja.

Katika makumbusho madogo ya hapo kuna mawe yaliyoandikwa habari za waliopona. Nampenda Ambrosia wa Athens, mwenye chongo. Alizunguka akisoma shuhuda za wengine na kucheka: viwete watembee kwa kuota tu? Usiku mungu akamjia, akasema atamponya, ila atatoa nguruwe wa fedha awekwe hekaluni kama kumbukumbu ya ujinga wake. Akalipasua jicho, akatia dawa, na kulipokucha akatoka mzima. Makuhani waliochonga hadithi hiyo walijua wasiosadiki ni wengi, wakawapa nafasi na kicheko.

Ndiyo sababu nilitaka kumalizia hapa. Sumu ilipomfika Sokrates kiunoni alifunua uso akasema: Kriton, tunadaiwa jogoo na Asklepios; mlipe, msisahau. Watu wamebishana karne na karne. Nietzsche, mwanafalsafa Mjerumani, alisikia humo mzee anayeshukuru kuponywa ugonjwa uitwao maisha. Wengine wanasema ni shukrani kwa ajili ya Plato, ambaye siku hiyo alikuwa mgonjwa. Kila tafsiri inamtafutia fumbo.

Mimi nimesimama mbele ya msingi wa madhabahu ya Asklepios, jiwe la kawaida, na naona nadhiri. Kwetu mtu anayekaribia kufa hutaja madeni yake: fulani ananidai kiasi hiki, mbuzi wa nadhiri hajachinjwa. Hakuna anayeuliza mbuzi anaashiria nini. Sokrates alizungumza falsafa kutwa nzima juu ya roho, akasimulia ngano ndefu ya dunia ya wafu, na alipomaliza hayo yote akakumbuka jogoo. Kriton hakuuliza maana. Alijibu tu kwamba litafanyika, na akauliza kama kuna lingine.

Nimempigia Baharia kabla basi halijaondoka. Ananingoja kituoni Kifissos, na anataka kujua jogoo alilipwa au hakulipwa. Plato hasemi.